Kala samaki wangu wote, halafu kaomba kijiti!

Mkaa_wa_Vifuu:
Wakuu, nipo kwenye daladala natoka Masaki, jiko nimelipakata kama mtoto mchanga na bado lina joto. Natetemeka kwa hasira.

Simtaji. Mnamjua. Yule mwekezaji wa mambo ya "kijani", viatu bila soksi, kila kongamano la nishati safi yuko meza ya mbele. Huyo huyo.

Miaka mitatu nahangaika na mkaa wa vifuu vya nazi. Nachoma, nasaga, nashindilia, mpaka wife ananiita Gunia. Juzi katibu wake kapiga: njoo na jiko, bosi anataka kuona kwa macho. Alfajiri nikaenda Feri, nikanunua changu wawili kwa hela ya kodi. Nikawasha jiko kwenye maegesho ya ofisi yao. Hakuna moshi, mlinzi akauliza kama limewaka kweli.

Namweleza mkakati wa serikali, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Anageuza samaki. Namweleza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipigwa stop kuni na mkaa wa miti Januari 2024, soko hilo hapo! Anafyonza kichwa. Akamaliza wote wawili, akajifuta mikono na andiko langu la mradi, ukurasa wa makadirio ya mapato, akaniangalia:

"Kijiti kipo?"

KIJITI, WAKUU. CHA MENO.

Nikampa. (Ndiyo, nilikuwa nacho.) Akachokonoa weee, ndipo akasema: "Kwetu bado mapema. Rudi ukiwa na wateja elfu kumi." Elfu kumi niwahudumie kwa kinu na mchi? Mashine ninayoombea hela ndiyo ya hao elfu kumi! Benki nao wanataka hati ya nyumba, mimi mpangaji Kinyerezi. Paris, Mei 2024, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 za kupikia safi Afrika. Mimi hata kijiti nimetoa mwenyewe!

Kiti_cha_Mbele:
Samaki walikuwa na ndimu?

Babu Kipara:
Umeenda na samaki wawili umerudi na mifupa. Mkuu, wewe si mvumbuzi, wewe mama lishe.

Mkaa_wa_Vifuu:
Hamna huruma. Kijiti, nyie! Alikichagua kwenye pakiti!

Mhasibu Mstaafu:
Kijana, wenye mifuko hawanunui jiko, wananunua hesabu. Hatua uliyopo ni ya ruzuku, sio ya mtaji. Jaribu COSTECH, ile tume ya sayansi na teknolojia, hela isiyodai hisa ibebe hatari ya mwanzo, hao watakuja wenyewe mauzo yakishaonekana. Cheti cha TBS, cha ubora, unacho?

Mkaa_wa_Vifuu:
Kipo kwenye mchakato.

Babu Kipara:
Na kijiti kina cheti?

Dada wa Bajaji:
Afadhali wewe umeliwa samaki. Mimi nina bajaji ya umeme, mtu wa aina hiyo hiyo kaichukua "kuifanyia tathmini" wiki mbili. Imerudi haina kioo, betri iko hoi, na siti ya nyuma kuna maganda ya karanga. Kaniambia tuko pamoja. Pamoja wapi?

Mama Nasra:
Nyie na uvumbuzi wenu. Gesi imeniishia maharage yapo katikati, bodaboda wa mtungi tangu saa sita anasema yupo Ubungo.

Kiti_cha_Mbele:
Ubungo gani? Nipo Ubungo hapa, simuoni.

Mkaa_wa_Vifuu:
Mama Nasra, nikuletee mkaa wa vifuu?

Mama Nasra:
Una wateja wangapi kwanza?

Babu Kipara:
😂😂😂 Nimeanguka.

Mkaa_wa_Vifuu:
Wakuu, turudi kwenye kijiti.

Mama Nasra:
Bodaboda kafika. Kaleta mtungi wa kampuni nyingine, kichwa hakiingii. Nimfanye nini huyu?

Kiti_cha_Mbele:
Mlishe maharage mabichi. Halafu mleta uzi, wale changu pale Feri ulinunua shilingi ngapi?