Half-Life 2 au Doom 3: lipi la kuanza nalo kwenye kompyuta ya mtumba?

Mtanda_Lindi:
Wakuu, habari za jioni. Niko Lindi mjini. Nimepata kompyuta ya mezani ya mtumba, zile zinazotoka maofisini: prosesa Core 2 Duo, ramu 4GB, kadi ya grafiki ya kuchomeka haina, inategemea Intel iliyomo kwenye ubao wake.

Nyumbani ninaye mpwa wangu, amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Amekulia kwenye magemu ya simu na mpira wa PlayStation wa vibandani. Gemu la bunduki lenye hadithi, la kucheza usiku na kulala ukiliwaza, hajawahi kuligusa, na mimi ndiyo magemu yaliyonifanya nipende kompyuta. Nataka aanze na moja la kisayansi la zamani, lililojengwa na watu waliojua wanachofanya.

Nasita kati ya mawili, yote ya mwaka 2004: Half-Life 2 ya Valve na Doom 3 ya id Software. Mimi nililicheza la kwanza la Half-Life tu, la 1998. Mfuko na bando vinaruhusu moja kwa sasa. Mnisaidie kwa haya: je, mashine itabeba? Kiingereza cha kijana ni cha kusoma kuliko cha kusikia. Na kompyuta ipo sebuleni, dirisha linatazama barabarani, mwanga unaingia mpaka jioni. Nawasilisha.

Fundi_Shangani:
Mkuu, salama. Nipo Mtwara, mashine za aina hiyo nazifungua kila wiki, kwa hiyo nianze na chuma.

Boksi la Half-Life 2 lilitaka prosesa ya 1.2GHz na ramu 256MB. Doom 3 ilitaka 1.5GHz, ramu 384MB na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya 64MB. Kwa prosesa na ramu umeyapita yote mawili kwa mbali. Kitakachokubana ni hiyo grafiki ya Intel, na hapo ndipo magemu haya yanapoachana njia.

Half-Life 2 ilitengenezwa ikubali kushuka. Ilitoka ikijua kuchora kwa kadi dhaifu za enzi za DirectX 7 (DirectX ni mfumo wa Windows wa kuchorea magemu), na ikipanda hadi DirectX 9. Sehemu kubwa ya mwanga unaouona ukutani ilikokotolewa na Valve kabla gemu halijatoka, ikahifadhiwa tayari. Mashine yako inaupaka tu. Doom 3 haifanyi hivyo. Kila taa inakokotoa vivuli vyake papo hapo: taa ikiyumba darini, kivuli cha bomba, cha kiti na cha shetani anayekujia vyote vinahesabiwa upya kwa kila picha. Hiyo ndiyo kazi aliyoipigania John Carmack, mtaalamu mkuu wa programu wa id Software, na kwa mwaka 2004 ilikuwa kazi kubwa sana. Lakini kwa grafiki ya ubaoni utalazimika kuzima vivuli ili gemu litembee, na Doom 3 bila vivuli mimi sitamshauri mtu aicheze. Bora asubiri.

Upande wa pili wa shilingi: Half-Life 2 inapitia Steam, duka la magemu la mtandaoni la Valve, na Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu tarehe 1 Januari 2024. Utahitaji Windows 10, na kwa ramu 4GB itajivuta kama bado unatumia diski ya zamani ya kuzunguka. Weka SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hata ndogo. Doom 3 hapa ina uhuru zaidi. Msimbo wake uliachiwa wazi Novemba 2011, wapenzi wa gemu wakatengeneza dhewm3, programu inayochukua mafaili ya gemu ulilonunua na kuliendesha vizuri hata kwenye Linux nyepesi, mfumo wa bure badala ya Windows. Ukipata kadi ya grafiki ya kuchomeka, hata ya zamani, Doom 3 itapaa.

BintiMasasi:
Naomba niitetee Doom 3, kwa sababu kwenye kila mada ya namna hii inapondwa na watu walioicheza mchana, mlango wazi, redio inasema pembeni.

Mwaka ni 2145, wewe ni askari mgeni usiye na jina, unashushwa kwenye kituo cha kampuni ya UAC huko Mars. Mwanzoni hupigi mtu. Unatembea, unapita kwa wafanyakazi wanaonung'unika kuhusu zamu zao na wenzao waliopotea, unapewa kifaa cha mkononi cha kuhifadhi barua na sauti. Kisha lango la jehanamu linafunguka na kila uliyempita ama amekufa ama amegeuka. Kuanzia hapo hadithi unaiokota mwenyewe: barua za marehemu, sauti walizorekodi, namba za makabati ya silaha zilizofichwa ndani ya maneno yao. Mtu asiyesoma barua anakosa risasi. Hilo nililipenda kuliko chochote.

Na kuhusu tochi. Katika toleo la asili huwezi kushika tochi na bunduki kwa pamoja. Wengi walilaumu, wapenzi wakatengeneza marekebisho ya kuibandika tochi kwenye bunduki, na toleo la BFG Edition la 2012 likaifunga kwenye vazi la askari. Mimi nasema tochi ya asili ndiyo gemu lenyewe. Unasikia kitu kinapumua kwenye kona, unachagua: nikione au nikipige? Ukiondoa chaguo hilo unabaki na korido nyingi zinazofanana. Kaka Mtanda, ukimpa kijana, mpe toleo la asili, hedifoni, na taa zizimwe.

Kasoro yake nayo niiseme: kuanzia katikati unazoea hila zake. Unaokota boksi la dawa, ukuta unafunguka nyuma yako. Mara za kwanza unaruka, baadaye unageuka kabla hata hujaligusa.

Kitangari:
Mtanda, umesema sebuleni. Kuna wadogo ndani ya nyumba? Yote mawili Marekani yalipewa daraja la M, yaani miaka 17 na kuendelea. Lakini Doom 3 ina michoro ya kishetani kila mahali, damu ukutani, na sehemu nzima inachezwa ndani ya jehanamu. Mama akitoka kuswali Isha akakuta hayo kwenye skrini, mazungumzo yatakuwa marefu. Kwa kweli hilo ni la kuzingatia kabla ya grafiki.

Mwalimu_Nachingwea:
Wanangu, suala la Kiingereza mmelipita, na kwa huyu kijana ndilo zito.

Half-Life 2 ilitoka na maandishi ya chini ya skrini tangu siku ya kwanza. Unayawasha, na kila anachosema mhusika kinaandikwa. Doom 3 ilitoka bila hayo. Zile rekodi za sauti anazozisifu BintiMasasi, ambazo nami nazisifu, lazima uzisikie kwa sikio, tena kwa lafudhi ya Kimarekani na kelele za mitambo juu yake. Wapenzi waliona pengo hilo wakatengeneza nyongeza iitwayo Doom3[CC] kwa ajili ya viziwi. Ni kazi ya kuheshimika, ila ni kitu kingine cha kutafuta na kusakinisha.

La pili, tazama namna Half-Life 2 inavyofundisha. Gordon Freeman anashuka kwenye treni ndani ya City 17, mji unaotawaliwa na wavamizi waitwao Combine. Hana silaha. Askari mmoja anaangusha kopo chini kwa makusudi na kumwamuru aliokote alitupe kwenye pipa. Kwa tendo hilo moja mchezaji anajifunza kitufe cha kuokota vitu, na anajifunza utawala ule ni wa namna gani. Hakuna maelezo marefu, hakuna filamu ya kukatiza mchezo. Mwanzo hadi mwisho unaona kwa macho ya Freeman, naye hasemi neno. Nimefundisha miaka mingi, na somo lililopangwa kwa ustadi ule si la kawaida.

Mwambao_Mikindani:
Shikamoo Mwalimu. Naongezea sehemu moja ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka.

Ukifika barabara ya ufukweni, sura ya Highway 17, ukiwa na gari, simama uangalie bahari. Gati ziko juu, maji yako mbali chini, boti zimelala mchangani. Ni kama maji yamekupwa pale Mikindani na hayakurudi tena. Wavamizi wanaimaliza bahari, na hakuna mtu anayekusimulia, unaliona mwenyewe ukiwa unaendesha. Baada ya hapo mchanga wenyewe unakuwa adui, ukiukanyaga wadudu wakubwa wanatoka, kwa hiyo unapita juu ya mbao na mabati unayoyapanga kwa Gravity Gun, ile bunduki inayovuta na kurusha vitu. Kitu chochote kilichopo sakafuni kinakuwa daraja, ngao au risasi. Mtu akishazoea hilo, magemu mengi mapya anayaona yamekufa ganzi.

BintiMasasi:
Shikamoo Mwalimu. La maandishi nimelikubali, sina jibu. Ila Mwambao usimfiche kijana kwamba safari ya boti kwenye mifereji kabla ya kuipata hiyo Gravity Gun ni ndefu kuliko inavyostahili. Wengi wanaliacha gemu hapo. Akivumilia, mbele yake kuna Ravenholm, kijiji cha usiku chenye misumeno ya kurusha, na pale Half-Life 2 inatisha karibu kama Doom 3.

Mtanda_Lindi:
Nawashukuru sana, na Mwalimu shikamoo. Wadogo wapo nyumbani, Kitangari, umenigusa. Mama yupo pia. Naona naanza na Half-Life 2. Doom 3 nitampa nikishapata kadi ya grafiki, na kompyuta ikihamia chumbani kwake, kwa masharti yote ya dada BintiMasasi: toleo la asili, hedifoni, giza.

Yamebaki mawili. Lazima acheze la 1998 kwanza? Na umeme ukikatika katikati inakuwaje?

Fundi_Shangani:
La kwanza si lazima. Msimulie wewe kwa ufupi: maabara ya Black Mesa, jaribio lililoharibika, na yule mtu wa suti mwenye mkoba. Inatosha.

Kuhusu umeme, mfundishe kubonyeza F6 kila anapomaliza pambano, ndiyo kuhifadhi kwa haraka, na F9 kurudi pale. Siku atakapohamia Doom 3, ya kuhifadhi ni F5.

Kabla hajaanza, ingia kwenye mipangilio upanue upana wa kuona hadi 90, la sivyo ile boti itampa kizunguzungu. Shusha gemu kwa bando la usiku na uwe na nafasi ya kutosha kwenye diski, kwa sababu tangu Novemba 2024 Episode One na Episode Two, sehemu zinazoendeleza hadithi, zimeunganishwa humo humo, siyo tena zile 4.5GB za kwenye boksi. Likishaingia, lifungue mara moja ukiwa na intaneti, kisha iweke Steam katika hali ya nje ya mtandao. Hapo atacheza hata bando likiisha.