Nimepata barua nikiwa Ireland kwa sababu ya posti ya Facebook. Niombe radhi au nisimame?

Mhudumu wa Usiku
Wakuu habari za saa hizi. Naomba ushauri, na naomba wa haraka, maana tangu juzi silali hata nikitoka zamu.

Niko Ireland mwaka wa pili sasa, nahudumia wazee kwenye kituo cha mtu binafsi. Mji siutaji. Juzi nimeletewa barua ya mahakama: eti nimekichafulia kituo jina Facebook, nifute ndani ya siku 7 na niombe radhi hadharani, la sivyo watanidai fidia. Nilichoandika ni ukweli mtupu. Usiku tunakuwa wahudumu wawili kwa wazee 31, wanabonyeza kengele mpaka wanachoka. Jina la kituo sikulitaja, na niliandika Kiswahili, kwenye grupu la watu wa nyumbani.

Swali langu ni moja: niombe radhi au nisimame na ukweli wangu? Kibali changu cha kazi kimefungwa kwa mwajiri huyuhuyu. Mimi ni dada wa miaka 34, nina watoto wawili wananitegemea huko Tanga.

Ngamiani Barabara ya 12
Simama dada! Huko ni Ulaya, mtu anamsema waziri mkuu na anarudi kwake kulala. Huku kwetu tangu ije sheria ya makosa ya mtandao 2015 tunaandika huku tunaangalia mlango. Usituangushe.

Bi Shufaa
Mimi nitasema la upande mwingine. Mzazi amelea watoto sita, anazeekea kwenye chumba chenye namba mlangoni. Mama yangu alilala miaka minne ndani, tulimgeuza kwa zamu mimi na wifi zangu, hakutoka hata kidonda kimoja. Hao wenye wazee wako wapi?

Jirani wa Liffey
Bi Shufaa, mada ni barua.

Dada pole. Nipo Dublin mwaka wa kumi na moja, nimekalimani sana kwa mawakili. Kwanza, barua ya kukupa siku 7 huwa ni ya wakili wa kituo, haitoki mahakamani. Angalia kichwa cha karatasi.

Pili, ndugu yangu wa Ngamiani usimtie ujinga. Katiba ya Ireland ya 1937, Ibara ya 40, inalinda uhuru wa kutoa maoni, na ibara hiyohiyo inaiamuru serikali ilinde jina jema la kila raia. Vyote viwili vimekaa nyumba moja. Kufungwa hatafungwa, maana Sheria ya Kashfa ya 2009 ilifuta kashfa kama kosa la jinai. Lakini fidia ipo, na msaada wa kisheria wa serikali hautolewi kwa kesi za kashfa. Ukweli ni utetezi kamili, ila wewe ndiye wa kuuthibitisha. Na kutotaja jina hakukuokoi kama wasomaji wanaweza kukitambua kituo.

Sasa niambie: uliandika maneno tu?

Msafiri wa Muscat
Haya mambo yamenikuta. Nilikuwa Muscat, dereva wa familia moja, nikalalamika kwenye grupu la WhatsApp kuhusu mshahara. Watu 19 tu tulikuwemo. Kesho yake bwana ananisomea ujumbe wangu neno kwa neno, tena kwa Kiswahili kizuri, bibi yake mzaa mama alikuwa wa Unguja! Niliondoka na begi moja. Mpaka leo sijamjua aliyeuza.

Mhudumu wa Usiku
Asante Jirani wa Liffey. Kweli juu ya karatasi kuna jina la ofisi ya mawakili, nilichanganya kwa hofu. Niliandika maneno, na kielelezo kidogo.

Jirani wa Liffey
Kielelezo gani?

Mtemi wa Sikonge
Mimi nimesikia jury ya Ireland, wale raia wanaoamua kesi mahakamani, ilimpa mama mmoja, Monica Leech, zaidi ya euro milioni moja na laki nane kwa habari za gazeti. Jipange dada.

Jirani wa Liffey
Mtemi, malizia hadithi. Jury ilitoa hiyo milioni 1.87 mwaka 2009, Mahakama ya Juu ikashusha hadi 1.25 mwaka 2014, na 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kinga dhidi ya fidia kubwa kupita kiasi hazikutosha. Na lile lilikuwa gazeti. Dada, nakuuliza mara ya pili: kielelezo gani?

Mhudumu wa Usiku
Ni video. Sekunde 40.

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku. Taa ya juu ya mlango inawaka, kengele inalia, mwenzangu yuko mwisho wa korido na mzee aliyeanguka. Bibi wa watu amekaa pembeni ya kitanda, ameshika kile chuma, mguu mmoja una soksi mwingine hauna, ameshajiloanisha, ananiita kwa jina la binti yake. Alikuwa ameita dakika 35. Niliangalia saa.

Uso wake unaonekana. Lakini wakuu, bila ile picha nani angeniamini mimi mgeni? Nilishamwambia msimamizi mara tatu kwa mdomo. Sikuiweka kwa ubaya, niliiweka kwa sababu ya kumpenda.

Bi Shufaa
Sekunde 40 ulishika simu badala ya mkono wake.

Mhudumu wa Usiku
Nilimbadilisha nguo, nikakaa naye mpaka akalala. Hilo halimo kwenye video.

Jirani wa Liffey
Basi una mambo mawili, dada, na swali lako lilikuwa juu ya moja tu.

Kwa kituo, ukweli ni ngao yako. Kwa bibi, ukweli haukusaidii chochote. Kwamba ni kweli alijiloanisha ndicho kinachofanya iwe siri yake. Neno faragha halijaandikwa kwenye katiba yao, lakini mwaka 1987 waandishi Geraldine Kennedy na Bruce Arnold, ambao serikali ilinasa simu zao, walishinda Mahakama Kuu, na hukumu ikasema faragha ni haki ya kikatiba. Familia ya bibi inaweza kukushtaki, inaweza kwenda Tume ya Ulinzi wa Data. Na mwajiri sasa ana sababu ya kukufukuza ambayo haihusiani na kengele.

Ngamiani Barabara ya 12
Mbona televisheni wanarekodi kwa siri na hawashtakiwi?

Jirani wa Liffey
Wanashtakiwa. Mwaka 2005 kipindi cha Prime Time cha RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, kilipeleka kamera ya siri kituo cha wazee cha Leas Cross, kaskazini mwa Dublin. Wenye kituo wakakimbilia Mahakama Kuu kuomba kisirushwe. Jaji Clarke akakataa kukizuia, maslahi ya umma yalikuwa makubwa mno. Kikarushwa, nchi ikalia, kituo kikafungwa mwaka huohuo. Nilipofika Dublin watu walikuwa bado wanalitaja hilo jina kwa sauti ya chini. Lakini lile lilikuwa shirika lenye wahariri na mawakili waliopima nini kionekane. Huyu ni mtu mmoja na simu.

Nusanusa
Samahanini, mimi sijaamini. Akaunti ina siku tatu. Mwanzo barua ya mahakama, sasa ya wakili. Mwanzo maneno, sasa video. Na mzungu wa Ireland amesomaje posti ya Kiswahili kwenye grupu la watu wa Tanga? Hii chai, tena ya tangawizi.

Mtemi wa Sikonge
Mimi pia nilianza kutafuta vitafunwa. Wazee 31, dakika 35, sekunde 40, hesabu zote zimenyooka.

Msafiri wa Muscat
Nimewaambia bibi wa Unguja hamkunisikia.

Mhudumu wa Usiku
Akaunti nimeifungua kwa jambo hili, ya zamani inajulikana. Aliyenichoma ni mtu wa kwetu, tunalingana zamu. Alimwonyesha msimamizi na kumtafsiria. Kwenye video kuna kioo cha kabati, sare yangu inaonekana na nembo ya kituo. Sikuigundua mpaka niliposoma barua. Namba nazijua kwa sababu naziandika kila asubuhi kwenye daftari la makabidhiano. Nusanusa, ingekuwa chai ningejitungia kosa kama hili?

Nusanusa
Hicho kioo kimenikaa. Naondoa maneno yangu, dada.

Jirani wa Liffey
Iwe chai isiwe chai, kuna mwingine atausoma uzi huu akiwa na simu mfukoni na kengele inalia.

Fanya hivi. Video iondoe Facebook leo, ila nakala ya asili usiifute kabla wakili hajakuona. Usiwajibu mwenyewe. Piga FLAC, wanatoa maelezo ya kisheria bure. Kuomba radhi kwa sheria yao ya 2009 hakuhesabiwi kukiri kosa, lakini maneno yake ayaandike wakili. Na yale ya wahudumu wawili kwa wazee 31 peleka HIQA, ndio wanaokagua vituo vya wazee. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2014, iliyoongezewa nguvu 2022, inakataza kumwadhibu mfanyakazi aliyepeleka taarifa huko. Kumwaga kwa umma pia kunaweza kulindwa, ila masharti yake ni magumu zaidi. Ungeanzia HIQA, tusingekuwa hapa.

Kibali pia kisikutishe sana. Tangu sheria mpya ya vibali ya 2024, ukishamaliza miezi 9 unaweza kuomba kuhamia mwajiri mwingine wa kazi hiyohiyo.

Mhudumu wa Usiku
Video nimeiondoa sasa hivi. Nimepiga picha ya daftari la zamu, kurasa zisizo na majina ya wazee, hizo nitapeleka HIQA.

Bi Shufaa, neno lako limeniingia. Sina la kujibu.

Kuna kitu kimoja sijasema. Wiki iliyopita, kabla ya barua, video nilimtumia kijana mmoja ana chaneli ya YouTube, watu wengi wa Afrika huku wanamfuata. Niliona akiirusha yeye watanyamaza. Amesema ataipandisha Ijumaa saa moja jioni.

Msafiri wa Muscat
Leo ni Ijumaa.

Jirani wa Liffey
Dada, saa hii kwetu hapa ni kumi na mbili na nusu. Toka kwenye uzi, mpigie.

Mhudumu wa Usiku
Inaita, hapokei. Napiga tena.