Bolti ya amu imegoma

*Jumamosi*

Salum: Shikamooni. Mjomba Hamisi upo? Nabadilisha amu ya chini ya mbele kwenye gari la baba, ule mkono wa chuma unaounganisha tairi na fremu. Nati imetoka vizuri, ila bolti yenyewe imegoma tangu asubuhi.

Mama: Marahaba mwanangu. Gari limekaa juu ya nini? Usiniambie jeki peke yake.

Salum: Lipo kwenye stendi mbili mama, na matairi ya nyuma nimeyawekea magogo.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Ukiizungusha inafanyaje? Haisogei kabisa, au inazunguka kidogo halafu inarudi?

Salum: Inazunguka kidogo, nikiachia inarudi yenyewe.

Mjomba Hamisi: Basi meno ya bolti hayana kosa. Kinachoirudisha ni mpira wa bushi, ile inayoshika amu kwenye fremu. Ndani ya bushi kuna bomba dogo la chuma, bolti inapita humo. Kutu imeingia kati yao, wamekuwa kitu kimoja. Kila ukivuta unausokota mpira tu.

Salum: Ndiyo maana! Nimechomeka paipu kwenye mpini nikaning'inia na bado.

Mjomba Hamisi: Paipu ni nzuri kwa nati iliyokaza. Mpini wa sentimita 30 ukiufanya 60, nguvu ileile inazaa mara mbili. Lakini gari likiwa juu ya stendi usining'inie, unaweza kuliangusha. Na soketi yako ina pembe ngapi?

Salum: 12.

Mjomba Hamisi: Tafuta ya pembe 6. Hiyo ya 12 itakula kona za kichwa, na kichwa kikishakuwa duara utakuwa na matatizo mawili.

Kaka Idi: Si apige moto tu? Chuma kikipata joto kinaachia.

Mjomba Hamisi: Idi, hapana. Pale pana mpira wa bushi, paipu ya breki iko karibu, na mafuta yatamwagwa hapohapo. Moto tuuache kabisa.

Mjomba Hamisi: Salum, sugua kutu kwa brashi ya waya, halafu weka mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili za bushi, pale bolti inapoingia na inapotokea. Rudia jioni. Usiku kucha yaache yafanye kazi. Kesho zungusha mbele na nyuma, mbele na nyuma, usilazimishe upande mmoja. Ukitaka kuigonga itoke, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya bolti, ili nyundo isiharibu meno.

Dada Neema: Na ule springi usiuguse Salum. Nati ya juu ya shokapu haifunguliwi bila kifaa cha kubana springi.

Salum: Sawa dada, huko sifiki.

*Jumapili*

Salum: Mjomba, imezunguka zaidi kuliko jana lakini kutoka haitoki. Nimegonga mpaka mkono unauma.

Mjomba Hamisi: Amu mpya unayo mkononi?

Salum: Ninayo, na bushi zake.

Mjomba Hamisi: Basi usiihurumie ya zamani. Pitisha msumeno wa chuma kati ya bushi na bano la fremu, ukate bolti upande huu na upande ule. Tumia msumeno wenye meno madogo, na uwe na wa akiba. Bolti hizo ni ngumu, tazama kichwani, mara nyingi utaona 10.9, ndiyo namba ya uimara wake. Mpya iwe na namba hiyohiyo, usikubali ya 8.8.

Salum: Dakika 50 na misumeno mitatu. Amu iko chini!!

Mama: Alhamdulillah. Macho ulikinga?

Salum: Nilivaa miwani mama.

Mjomba Hamisi: Safi sana. Bolti mpya ipake grisi ile sehemu laini inayokaa ndani ya bushi, meno usiyapake. Ikaze kidogo tu sasa. Kukaza kwa mwisho ni gari likiwa limesimama kwa matairi yake, la sivyo mpira utabaki umesokotwa na utachanika mapema. Halafu lipeleke likapimwe alaimenti, yaani mwelekeo wa matairi, kabla baba hajasafiri nalo.

Baba: Nimeona. Nasubiri.