Wakuu, ukurasa wangu wa mazoezi ya saketi unakataa majibu ya wanafunzi, naombeni ushauri

Mwl_wa_Volti: Habari za mchana wakuu. Nafundisha elektroniki kwenye chuo kimoja hapa Mwanza. Nimetengeneza ukurasa kwa JavaScript, mwanafunzi anaufungua kwenye kivinjari cha simu. Anapewa betri ya volti 9 na LED ya volti 2 inayotaka miliampia 20, ajaze rizista inayofaa kupunguza mkondo. Hesabu inatoa omu 350. Akiandika 330 au 390 anaambiwa amekosa, na wanalalamika. Nirekebisheje? Ni ya Jumatatu, hata usingizi sipati.

Fundi_Igoma: Mwalimu, hiyo 350 umeiona duka gani? Kwenye E12, ile orodha ya thamani za rizista zinazotengenezwa, kuna 330, halafu 390. Mimi naweka 390, taa inakula kama miliampia 18, inadumu. Enzi nipo mwaloni Kirumba wavuvi wa dagaa walikuwa wananiletea taa zimeungua, mtu kaunga LED kavukavu kwenye betri ya pikipiki. Ukimtajia rizista anakuuliza, "Hiyo inaongeza mwanga?"

Binti_Pasiansi: Usilinganishe namba kwa namba. Chukua rizista aliyoandika, kokotoa mkondo, ukiangukia kati ya miliampia 15 na 22 mpe tiki. Halafu kinachotoka kwenye kisanduku ni maandishi: ukijumlisha 330 na 390 bila kupitisha Number(), inayogeuza maandishi kuwa namba, utapata 330390. Atakayeandika 4,7 kwa mkato utaletewa NaN, yaani "siyo namba". Ila mazoezi gani hayo yenye siku maalumu?

Sangara_Mkavu: Vijana washike waya, siyo kubofyabofya simu. Sisi tulipigwa shoti ndipo tukaelewa.

Mwl_wa_Volti: Asante dada, nimejaribu inakubali. @Sangara_Mkavu vifaa havitoshi darasa zima mzee wangu.

Binti_Pasiansi: Swali langu umeliruka.

Mwl_wa_Volti: Sawa. Ni jaribio, alama zinaingia kwenye matokeo ya muhula. Faili nimeshalituma kwenye kundi la WhatsApp.

Binti_Pasiansi: Na majibu yako wapi?

Mwl_wa_Volti: Humo humo, lakini chini kabisa. Nimefanya faili moja makusudi, lifunguke bila bando. Seva ni gharama. Halafu hawa wanatumia simu, nani ataanza kuchimba msimbo?

Binti_Pasiansi: Kaka, faili la HTML linafunguka kwa programu yoyote ya maandishi, hata kwenye simu. Kivinjari hakiwezi kumficha mtu kitu ambacho tayari umempa. Liache liwe la kujipima, namba zibadilike kwa Math.random kila akifungua. Alama wape kwa karatasi.

Mwl_wa_Volti: Mkuu wa idara nimeshamwambia tunaacha karatasi. Nikirudi nyuma nitaonekanaje?

Kamongo: Hii chai, tena haina sukari. Mtu atunge ukurasa mzima halafu ashindwe kulegeza jibu moja? Huyu ni mwanafunzi, kapewa faili, anavua majibu kwenu.

Sangara_Mkavu: Hahaha, dada wa watu kashamwelekeza pa kufukua!

Mwl_wa_Volti: Mimi mtu mzima, nina familia.

Fundi_Igoma: Tumpime. Rizista ya omu 390, mistari yake ina rangi gani?

Mwl_wa_Volti: Chungwa, nyeupe, kahawia. Ya nne dhahabu, yaani inaweza kupishana kwa asilimia 5.

Kamongo: Hizo hata mtandaoni zipo.

Binti_Pasiansi: Awe mwalimu awe mwanafunzi, jaribio lenye majibu ndani halifai. Mkuu wako wa idara mfungulie hilo faili mbele yake, aone mwenyewe.

Mwl_wa_Volti: Nimelifuta kwenye kundi, ila wapo waliokwisha kulipakua. Mmoja kaniandikia inboksi sasa hivi anauliza NaN ni omu ngapi.

Kamongo: Eeh, hapo nimeanza kuamini.

Fundi_Igoma: Mwalimu, chuo chenyewe kiko Nyakato au Buhongwa? Nina rizista za jumla, 330 na 390 zimejaa, nakufanyia bei ya ndugu.