Ritani ya KRA: fomu ya iTax, faili la Excel, au saiba?

Mkaazi wa Voi: Ndugu zangu, tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, inakaribia nami sijaamua njia ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wa mwaka, kwa KRA, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya. Je, nijaze fomu iliyomo ndani ya iTax, tovuti ya KRA, nipakue faili la Excel, au nimpelekee P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa) kijana wa saiba, duka la intaneti?

Bi Zuhura: Hujatueleza mapato yako, na bila hayo hatuwezi kukushauri. Fomu ya ndani ya iTax ni ya wenye mshahara pekee. Una mwajiri mmoja?

Mhasibu Nakuru: Mimi hulichagua faili siku zote, kwa sababu unalijaza bila intaneti na kulikagua kwa utulivu kabla ya kulipakia. Ruhusu makro (programu ndogo zilizomo ndani ya faili), la sivyo hutaweza kuhakiki wala kupata faili la zip la kupakia. Asiye na Excel atumie la ODS, linalofunguka kwa LibreOffice.

Mama Neema: Tafadhali usiende saiba. Mhudumu mmoja aliniwasilishia ritani ya sifuri, yaani ya asiye na mapato, ilhali nilikuwa kazini mwaka mzima na P9 nilikuwa nimemkabidhi mkononi. Nikaja kugundua nilipohitaji cheti cha uzingatiaji ushuru ili niombe kazi, na nilipotaka kubadilisha nywila nikakuta baruapepe iliyosajiliwa ni yake, naye alikwisha kuhama mjini. Nafasi ile ya kazi ilinipita.

Mzee Kombo: Pole sana, dada. Hata hivyo, wastaafu wengi hawana kompyuta, na saiba ndiyo tegemeo lao. Muhimu ni mtu akae pale pale, aandike nywila mwenyewe, na aondoke na risiti ya ritani.

Mkaazi wa Voi: Nimeajiriwa shuleni, na jioni hufundisha katika chuo kinachonikata ushuru vilevile. Pia nyumba ya marehemu baba ina mpangaji.

Bi Zuhura: Basi zitazame P9 zote mbili. Ikiwa kila mwajiri amekupunguzia ushuru kwa nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, utadaiwa tofauti, kwa kuwa nafuu hiyo ni moja kwa kila mtu.

Mhasibu Nakuru: Kodi anayolipa mpangaji hutozwa ushuru wa asilimia 10.

Bi Zuhura: La, ndugu. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, na hulipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita. Aliye chini ya kiwango hicho huyaingiza mapato hayo katika ritani ya mwaka, na hapo fomu ya mshahara haitamfaa.

Mzee Kombo: Mirathi imekwisha kugawanywa? Kodi hiyo inaingia kwa jina la nani?

Mkaazi wa Voi: Bado hatujagawana. Kaka yangu mkubwa ndiye anayeipokea.