MREJESHO: Vipima kina vya matangi kuchelewesha taarifa

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza kwa nini vipima vyetu vya matangi ya maji Kisauni na Likoni, vyenye modemu za NB-IoT (mtandao wa simu wa vifaa vinavyotuma data kidogo kwa umeme mdogo), vinachelewesha taarifa na kumaliza betri mapema.

Kilichosaidia zaidi ni kuachana na kufungua muunganisho mpya wa TCP (njia ya kutuma data kwa uthibitisho) na TLS (ulinzi wa kusimba data) kwa kila kipimo; salamu za kufungua na kufunga zilikuwa nzito kuliko data yenyewe. Sasa ni CoAP (itifaki nyepesi ya vifaa vidogo) juu ya UDP, ambayo haihitaji kufungua muunganisho kwanza; baiti 4 kwa kipimo: 2 za kina, 2 za volti. Vipimo 6 vinakwenda pamoja kila saa, ila kina kikishuka chini ya asilimia 20 kinatumwa papo hapo. Kila kifaa kinasubiri sekunde za kubahatisha, 0 hadi 300, visigombanie mnara wa simu kwa pamoja.

RAI nayo imewashwa, yaani modemu inauambia mnara kwamba imemaliza kutuma ili muunganisho uachiwe mapema na betri ipone. Hapa angalieni: mkingoja uthibitisho wa seva, chagueni "jibu moja linatarajiwa", la sivyo mnara unaweza kukata kabla halijafika.

Kisauni pametulia. Matangi ya chini ya ardhi Likoni bado yanasumbua: mawimbi ni dhaifu, modemu inarudia ujumbe uleule mara nyingi. Antena itatolewa juu ya kifuniko. Anayejua kiungio cha kebo kinachostahimili chumvi ya bahari aniambie.