Schleich, CollectA au paketi za Kariakoo: midoli ipi ya wanyama inalingana vipimo?

Binti_Karatu: Wakuu, habari za jioni. Natafuta seti ya wanyama wa porini wa plastiki, wale wenye sura ya mnyama kweli, nitengeneze Ngorongoro ndogo mezani. Sharti ni moja: walingane. Sitaki simba aliye sawa na kifaru. Nimeona za kampuni za Schleich, CollectA na Papo, na zile paketi za Kariakoo. Nichukue ipi? Nalipia Ijumaa.

MzeeWaSkeli: Bajeti? Uko mji gani? Ni za mtoto au za kabatini? Skeli ipi? Hujasema hata moja halafu una haraka ya Ijumaa.

Ughaibuni77: Chukua Schleich, mjadala ufungwe. Wajerumani wako kazini tangu 1935. Huku nilipo kila duka la midoli lina rafu yao.

MzeeWaSkeli: 1935 haikujibu swali. Schleich hawashiki skeli moja. Twiga wao dume ana karibu sm 17, na twiga dume halisi hufika mita 5 na nusu, kwa hiyo hapo tuko 1:32, yaani mnyama halisi kagawanywa kwa 32. Simba wao niliye naye nimempima begani, sm 5 na ushee. Simba dume halisi begani ni kama mita 1.2. Gawanya mwenyewe: inakaribia 1:22. Wasimamishe pamoja uone, twiga anageuka ngamia. Wengine nao ni hivyohivyo. Mnyama mkubwa hupunguzwa asipandishe bei, mdogo hukuzwa aonekane. Digidigi wa 1:32 begani ana sm 1 na kidogo, nani atamnunua? Kwa hiyo usinunue seti, nunua mmojammoja na rula mkononi. Pima bega, achana na urefu wanaoandika dukani. Tembo akinyoosha mkonga tu, urefu wote unadanganya.

Mama_Mapacha: Zile paketi za bei poa ziogope, shosti. Mimi niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kwenye picha tembo katanda, simba wamelala chini yake, nikasema hapa nimepata. Mzigo ulipofika, wote kimo kimoja! Duma kampita kiboko. Nikanyamaza, nikawapanga dirishani sebuleni. Jua la mchana la Dar unalijua. Baada ya siku chache twiga miguu ikalegea, akaanza kuinama, akaangukia pundamilia nao wakalala chali. Kumtumia muuzaji picha, akanijibu eti twiga anakunywa maji. Nilipodai hela yangu akaniblock. Mpaka leo wanangu wakimwona twiga kwenye TV wanauliza huyu mbona amesimama.

MzeeWaSkeli: Miguu inanyooka. Maji ya moto sana, mnyooshe, halafu mtumbukize kwenye maji baridi akiwa umemshika. Usimrudishe dirishani.

Fundi_Vinyago: Mnahangaika na plastiki na Mwenge ipo. Mpe mchongaji vipimo, unachongewa wote skeli moja.

MzeeWaSkeli: Swala wa 1:32 wa mti? Miguu itakatika kabla hujafika kituoni.

Fundi_Vinyago: Kwa mpingo haikatiki.

Ughaibuni77: Mpingo kwa midoli? Wewe una pesa za kuchezea.

Pekuapekua: Mitumbani ndiko kwenyewe. Mabegi ya midoli yakifunguliwa, geuza mnyama uangalie tumbo. Ukikuta pamepigwa Schwäbisch Gmünd, mji wa Ujerumani, huyo ni Schleich halali kwa bei ya maandazi.

Binti_Karatu: Asanteni. Kujibu: niko Arusha, meza ina mita moja, ni ya mwanangu wa miaka miwili. Na Land Rover ya 1:24 nimeshainunua.

MzeeWaSkeli: Miaka miwili! Na gari tayari! Sasa gari ndilo linaloamua. Kwa 1:24 tembo dume anataka sm 13 begani, twiga sm 23. Twiga wa Schleich hafai tena hapo, simba ndiye anakaribia.

Mama_Mapacha: Na digidigi wasiwepo kabisa. Mtoto wa umri huo anameza.

Ranger_Mstaafu: Samahani, hiyo ni Ngorongoro au Serengeti? Chini ya kreta hakuna twiga. Kuta ni kali na migunga ya kuwatosha haipo. Hata tembo wa mle ndani wengi ni madume.

Ughaibuni77: Mimi nilipiga picha ya twiga Ngorongoro.

Ranger_Mstaafu: Nje ya kreta, wapo. Ndani, leta hiyo picha.

Pekuapekua: Tukifuata skeli sawasawa, kreta ina upana wa km 19 na kina cha mita 600. Kwa 1:24 meza ya dada iwe na mita 800 hivi, ukuta mita 25.

Binti_Karatu: Kwa hiyo twiga nitoe? Ndiye mtoto anamtaka kuliko wote.

Fundi_Vinyago: Iite Serengeti.

Ughaibuni77: Picha naitafuta, iko kwenye simu ya zamani.

Pekuapekua: Dada, hiyo Land Rover milango inafunguka? Kama unaiuza nicheki PM.